Nguzo Nyeupe ya Pangoni

Mvua iliporomosha udongo wa kilima, tope likaziba mlango wa pango. Chiku, aliyekuwa na kazi ya kuwatembeza wageni humo, akabaki ndani na Bi Salome, mjane aliyekuja kujionea maajabu. Maji yakaanza kupanda. Wakakimbilia chumba cha juu, ambako mwanga ulipenya kwenye ufa. Lakini katikati ya ufa ilisimama nguzo nyeupe, nyembamba kama mkono, iking'aa kama sukari. Maji yenye chokaa yalikuwa yameijenga tone kwa tone, tangu mji haujawa mji. Hakuna mgeni ambaye Chiku aliwahi kumruhusu hata aiguse.

"Hapa hatupiti, mwanangu," alisema Bi Salome, maji yakimfika magotini.

"Tutapita, mama, ila mpaka niivunje hii."

"Si itaota tena?"

"Itaota. Lakini mimi na wewe hatutaiona."

Aliokota jiwe, akasita, kama mtu aliyeamriwa kumpiga mzazi wake. Kisha akapiga. Nguzo ikalia kama kengele, pango zima likaitikia. Akapiga tena na tena huku machozi yakimtoka, mpaka ikakatika.

Alimsukuma Bi Salome kwanza, naye akatokeza nje akihema na kumshukuru Mungu. Chiku alipokwisha kupenya, aligeuka akachungulia ndani. Kutoka juu lilidondoka tone, likapita mahali palipokuwa na nguzo, likaanguka majini.