Shimo la Tatu

Kijana mwenye ndoo kichwani alitumbukia shimoni kwa mara nyingine, na sebule nzima ikaangua kicheko.

“Mmeona?” alisema Tano-kwa-Kumi, pedi ya kuchezea gemu mkononi, miguu kainyoosha kama mwenye nyumba. “Nimebonyeza aruke. Yeye anatembea tu, kama mtoto aliyetumwa dukani bila kupenda.”

Jina hilo mtaa ulimpa kwa sababu ya alama alizozipa gemu. Gemu za zamani alizijua, au walau alizisema, na hukumu zake zilisikilizwa simuni na watu wengi kuliko waliomsikiliza nyumbani kwake. Gemu nzuri, alifundisha, ina mnunuzi. Gemu mbovu kupindukia nayo ina mnunuzi, maana watu hupenda kioja. Ila gemu ya katikati, ile ya tano kwa kumi, ni chai vuguvugu: mgeni haimalizi, na mwenyeji hawezi kuirudisha birikani.

Ndiyo maana aliitwa. Marehemu mwenye nyumba aliacha mashine hii ya gemu na kaseti yake moja, iliyotoka mbali hata maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma. Mtoto wa kwanza, dalali wa nyumba, alitaka kuiuza. Kitinda mimba, kinyozi, alitaka kuipeleka saluni kwake iwapumbaze wateja. Walinuniana hadi wake zao wakaacha kusalimiana. Mwishowe wakakubaliana Tano-kwa-Kumi aicheze. Akiona ina thamani, dalali aiuze. Akiona haina, ibaki palepale chini ya runinga kwa mama yao, na maneno yaishe.

Mama mwenyewe alikuwa mbioni tangu asubuhi. Alipangusa vumbi hadi nyuma ya runinga, akaiwasha mashine ili mgeni asisubiri, akamkabidhi pedi kwa mikono miwili. Kisha akakaa kwenye kiti chake pembeni na kikapu cha kufuma, chai ikizunguka.

“Mimi vyombo vyenu hivi sivijui, baba,” alimwambia. “Wewe amua tu.”

Na Tano-kwa-Kumi aliamua bila huruma. Yale maandishi yaliyowakawaka upande wa chini wa kioo cha runinga, alisema, yanamziba kijana miguu. Ubunifu wa kizembe. Muziki ni bawaba inayodai mafuta. Maadui ni konokono, na hata hao wanaonekana wamechoshwa na kazi. Alipoiweka pedi mapajani ili apokee kikombe, kijana aliendelea na safari, akapanda ngazi, akaokota tunda.

“Haya, hata nisipomgusa anakwenda. Aliyeitengeneza hakutaka usumbufu wa mchezaji.”

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Dalali hakucheka, kila kicheko kilimfukuzia mnunuzi. Akauliza kwa upole kama labda mbele kunapendeza.

“Mbele kuna shimo, kaka.”

“Pole, mwanangu,” alisema mama, macho kwenye uzi wake.

Kijana wa ndoo akafika shimo la tatu, akatumbukia.

Hapo dalali akaanza kubembeleza. Basi mtaalamu aseme angalau ni mbovu kwelikweli, mbovu ya kusimuliwa, watu waje kuishangaa. Tano-kwa-Kumi akakataa, yeye ana jina la kulinda. Akawasha simu, akakohoa, akawatangazia wasikilizaji wake kote waliko: tano kwa kumi, na hiyo tano ni ya kumstahi marehemu.

Dalali aliondoka na mkewe kabla kikombe hakijapoa. Kinyozi akasema saluni yake si jalala la vuguvugu, naye akafuata. Mama akawasindikiza wote, akamshukuru mtaalamu kwa elimu yake, akamwombea maisha marefu, akatia komeo.

Akarudi kwenye kiti, akainua kikapu chake cha kufuma, akaokota chini yake kichwa cha waya wa pedi na kukichomeka kwenye mashine. Akabonyeza kitufe: maandishi ya kuwakawaka yakatoweka, na kijana akaanza kumtii. Shimo la kwanza akaliruka. La pili akaliruka. La tatu aliliruka kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika kikombe.