Sekunde Arobaini

"Haya bibi, vuka," alisema injinia wa barabara, akimwonyesha taa mpya kwa madaha kama bwana harusi.

Bibi aliisoma namba iliyowaka chini ya taa ya kijani: arobaini. Zamani zilikuwa sekunde kumi na mbili, na kwa magoti yake zilimfikisha katikati tu, honi zikimzomea.

"Sasa unavuka mwenyewe, pole pole, hata ukitaka kupiga umbea njiani," injinia alisema. "Humhitaji mtu."

"Ahsante, mwanangu."

Bibi akavuka. Alipofika ng'ambo zilikuwa zimebaki sekunde tisa. Watu walimpita kushoto na kulia, kila mmoja na hamsini zake.

Akautazama mkono wake wa kulia. Tangu mzee wake afariki, mkono huo ulishikwa hapa tu, kila asubuhi: na muuguzi mwenye vidole vya baridi, na mwashi mwenye kiganja kama msasa, na msichana mmoja aliyemwita "bibi yangu" bila hata kumjua. Ng'ambo hii bibi hakuwa na shughuli yoyote. Alikuwa akivushwa, anapumzika kidogo, kisha anatafuta wa kumrudisha.

Injinia alimpungia kutoka upande wa pili.

Namba ikarudi arobaini. Bibi akafumba macho, yale yale yaliyoisoma toka mbali, akanyoosha mkono.

"Jamani, kuna mtu hapo?" akauliza. "Nivusheni. Mimi sioni."