Chungwa, Ndimu na Mwisho wa Dunia

"Chungwa ni jua," Ocama alisema, akijitahidi asipandishe sauti. "Ndimu ni dunia. Sasa niambie, Mama, hiyo sayari nyeusi ya Loku itapita wapi hapa katikati bila wenye darubini kuiona?"

Mama Mindra aliitazama ndimu kwa makini, kama anayeipima kwa ajili ya samaki.

"Mimi naona," alisema. "Lakini Daktari Loku iko na mashini."

Mashini! Ocama alikuwa ameiona mwenyewe sokoni Adumi: kisanduku cha mbao chenye mshale unaotetemeka. Yeyote aliyewahi kuketi karibu na dereva wa lori angetambua kwamba ni kipimo cha mafuta. Loku alidai kinapima giza. Ijumaa ya mwisho wa mwezi sayari ingeziba jua, miale ingepofusha watu, kisha dunia ingekwisha. Kinga ilikuwa kitambaa cheusi cha kuziba madirisha, na kwa bahati njema Loku alikuwa nacho, marobota kwa marobota.

Ocama alifundisha fizikia mjini Koboko, na habari hiyo ilimtia wazimu. Alipiga simu redioni kumpinga Loku, akakatwa katikati ya sentensi, likafuata tangazo la kitambaa. Hata mwalimu mwenzake wa hesabu alinunua mita nne.

Lakini kitambaa si kitu. Kilichomkosesha usingizi ni mbegu. Mvua zilikuwa zimeanza, na watu wa Adumi walikuwa wakichemsha mbegu za karanga na kuzila, maana nani apande asichokivuna? Mama alimpigia simu mwenyewe: "Ocama, leo nimechemsha mbegu yote. Tutaonana mbinguni."

Kesho yake Ocama alikuwa Adumi, vumbi hadi kwenye kope. Kwa miaka minne alikuwa akimtumia mama yake pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, akijihesabu mwana mwema. Sasa, siku hii ya chungwa na ndimu, ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo anakuja, na kila akija anakuta ugali wa muhogo uko tayari, na majani ya kunde yameungwa kwa simsim. Kibuyu cha mbegu kilining'inia juu ya jiko, kitupu.

"Nitakununulia mbegu nyingine," alisema.

"Mbegu ya nini, na dunia iko nakwisha Ijumaa?" Mama alijibu kwa Kiswahili chake cha kambini, alichorithi kwa marehemu mumewe askari.

Ocama akasimama kuondoka. Shamba lilikuwa bondeni, kwenye matope, na yeye alivaa viatu vya kazini. Hakuona haja ya kwenda kutazama ardhi tupu.

"Kaa kidogo," Mama alisema. "Rudia pale kwa ndimu. Mimi nimepotea."

Akaketi tena. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na mtwangaji alikuwa amechoka. Alirudia yote, jua, dunia, kivuli, huku Mama akitikisa kichwa na kumwongezea kunde.

Alhamisi aliomba ruhusa shuleni, akaja kulala hapo hapo, ili siku yenyewe imkute mama yake akiwa naye. Ijumaa jua lilichomoza kama kawaida yake, tena kali. Adhuhuri nguo zilikuwa zimekauka kwenye kamba. Habari zilifika kwamba Loku amevuka mpaka na marobota yaliyobaki.

Ocama alimshika Mama mkono, akamtoa nje hadi uani.

"Unaona jua?"

"Naona."

"Basi?"

Mama alijikuna shingo. "Mashini ilikosea kidogo. Sasa ni mwezi wa tisa."

Ocama aliuachia mkono wa Mama. Alitaka kulia. Tapeli amekwenda zake, mbegu zimeliwa, msimu unapita, na mwanamke aliyemsomesha kwa kuuza simsim hawezi kuelewa kitu ambacho watoto wa kidato cha kwanza wanakielewa kwa kipindi kimoja. Sikio la kufa halisikii dawa, alijiambia, kisha akajichukia kwa kumfikiria hivyo mama yake mzazi.

"Nitarudi Jumamosi ijayo," alisema. "Na vitabu vyenye picha. Na mbegu, na utazipanda huku nikikutazama."

"Njoo na wajukuu pia," Mama alisema. "Wasikie hiyo ya ndimu."

Alifika barabarani ndipo akakumbuka kwamba ameacha kofia yake ya pikipiki. Aliporudi uani hapakuwa na mtu. Sauti zilitoka bondeni. Akashuka kuzifuata, viatu vikizama kwenye matope, mpaka kwenye mihogo iliyopakana na shamba, na hapo akasimama.

Karanga zilikuwa zimeota mistari kwa mistari hadi kwenye kijito, majani mabichi, udongo umepaliliwa. Katikati yake kilisimama kijiti kilichofungwa kitambaa cheusi cha kufukuzia ndege. Mama alikuwa ameinama na jembe, na jirani yake Asiya alikuwa mstari wa pili.

"Mama Ocama," Asiya alisema, "hii ya mwezi wa tisa Daktari alisema wapi? Yeye si amekimbia?"

"Hapana yeye. Ni mimi nimesema."

"Mbona unasumbua mtoto hivyo? Mwambie tu dunia iko mzima."

Mama aling'oa gugu, akakung'uta udongo kwenye mizizi yake.

"Miaka nne dunia ilikuwa mzima," alisema. "Wewe uliona yeye hapa mara ngapi?"