Yowe Kutoka Bolivia

"Shangazi, huko Bolivia hujapata mchumba tu?" Tulijaa sebuleni kijijini kwetu Mwamkulu tukimtania Nyanzala kwenye simu ya video, maana alikwenda kule kwa mafunzo ya ustawi wa jamii.

Ghafla panga likapenya mlango nyuma yake.

"Mume wa huyu!" Nyanzala akasema, akimwonyesha mwanamke kando yake. Mwanamke huyo, aliyemkimbia mume na kuja kwenye nyumba ya hifadhi alikofanyia mafunzo Nyanzala, alikuwa ameuzuia mlango kwa kiganja. Panga lilipochomolewa, vidole vyake viwili vilining'inia kwa ngozi.

Nyanzala akapiga yowe la kwetu Wasukuma, lile ambalo ukilisikia unaacha ugali, unashika silaha, unakimbia. Kule tulisikia madirisha ya majirani yakifungwa, moja baada ya lingine.

Mama yake akatoka nje na simu, akaliitikia yowe kwa sauti yake yote. Uani wanaume wakafurika na fimbo na mapanga.

"Yuko wapi tumuue?"

"Yumo humu!" Akainua simu juu.

Wakanguruma wote kwa pamoja. Kwenye kioo cha simu, panga lililokuwa likipenya tena likasimama katikati ya ufa wa mlango, halisukumwi wala halichomolewi.

"Mayu, mama yangu," Nyanzala alinong'ona, "anawasikiliza. Jamani, msinyamaze."