Shanga Iliyoteleza

Kozue aliukalia mkono wake wa kulia, akaubana hasa, maana ulikuwa hausikii. Mwalimu Kuramochi akitaja namba tu, vidole vinaanza kusukuma hewani shanga za soroban, ule ubao wa kuhesabia, na jibu linakuja lenyewe bila kuitwa.

"Ninawaomba sasa," bibi yule mwalimu akaimba, ndivyo anavyoanza siku zote, "yeni mia nne na kumi na mbili, ongeza mia tisa na tano, toa themanini na saba!"

Elfu moja mia mbili na thelathini. Hata chini ya paja, vidole vilijua.

Kozue akauchomoa mkono, akashika penseli, akaandika elfu moja mia mbili na thelathini na moja. Moja tu ya ziada. Akiandika ovyo watamshtukia, lakini moja, ah, nani atashangaa?

Unajua, yule mtoto alikuwa amechoka. Kila akitoka shule, ngazi zilezile, chumba kilekile juu ya duka la tofu ya soya, na dirishani anawasikia wenzake wanacheza mpira mtoni. Tamaki, rafiki yake, humpigia kelele toka chini: "Wee Kichwa-Shanga! Shuka basi, au umegandia huko?"

Na hata akishuka, haponi. Namba ya gari, namba ya mlango, bei ya samaki, zote zinageuka shanga kichwani na kuanza kujumlishana. Usingizini pia.

Mama yake, Sawae, ndiyo kwanza anafurahi. "Mtazame, siku hizi hata shairi anasoma mara moja kashika! Na kutulia katulia. Soroban imemfungua akili huyu." Yeye mwenyewe anapaki samaki dukani, mikono imepasuka kwa barafu.

Ila asubuhi ile ya mtihani alikuwa amesema neno la maana. "Mwanangu, ukianguka leo, tunaacha. Tutajua umenirithi mimi. Mimi nami nilianguka mtihani huohuo, kwa mwalimu huyuhuyu, nikaambiwa niende zangu nikacheze. Basi, unaona nilipofika."

Kozue hakusikia hayo mengine. Alisikia "tunaacha".

Mtihani ukaisha. Watoto wakateremka mbio. Mama alikuwa amepiga magoti kule nyuma kwenye mkeka, mkono mmoja mfukoni mwa aproni, vidole vinachezacheza. Wasiwasi huo, Kozue akawaza, akamwonea huruma kidogo.

Mwalimu akapitisha kalamu nyekundu kwenye karatasi, taratibu, akawaita wote wawili.

"Umekosa yote."

Kozue akainamisha kichwa chini kabisa, wasimwone anavyocheka.

"Basi tumeanguka," mama akasema kwa sauti ndogo. "Samahani, mwalimu, tumekusumbua."

"Hebu ngoja, Sawae." Kalamu ikagonga karatasi. "La kwanza limezidi moja. La pili limezidi moja. Hivyohivyo mpaka la mwisho. Imekuwaje, Kozue?"

"Shanga iliteleza, mwalimu."

"Shanga ipi, mjukuu wangu? Leo tumepiga hesabu za kichwa. Mezani palikuwa na soroban?"

Kozue akageukia dirishani. Kule mtoni Tamaki alikuwa anamwita.

"Kukosa hivi lazima kwanza upate yote," mwalimu akasema. "Ujanja huu nimeuona mara moja tu maishani, na nilipokuja kuugundua nilikuwa nimeshachelewa. Safari hii sichelewi. Kesho uje darasa la wakubwa."

"Mama!" Kozue akamvuta aproni. "Si ulisema tunaacha? Mwambie basi!"

Mama hakumwangalia. Aliutoa mkono mfukoni, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Mimi," akasema, "nilikuwa naongeza mbili."