Kinda Kati ya Pembe

Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa siku wachumba wawili walipofika kumposa binti wa Mzee Swala. Kwa desturi yao, wachumba hugonganisha pembe mbele ya baba wa binti. Nyati alikuja akichimba ardhi kwa kwato. Kongoni alisimama wima, bila kutikisa kichwa.

"Inamisha kichwa tupigane, mwoga wee!" Nyati akafoka.

"Siwezi," Kongoni akajibu polepole.

Mzee Swala akakunja uso. "Unaogopa, kijana?"

"Hapana, mzee. Kinda la njiwa limenidondokea asubuhi. Limelala kati ya pembe zangu."

Nyati akaangua kicheko. Binti akatoka ukunguni akinyata, akasimama ubavuni mwa Kongoni.

"Nyati," Mzee Swala akanong'ona, "nenda nyumbani, mwanangu. Taratibu, mtoto amelala."