Mwanga wa Adhuhuri

Siku daktari alipoeleza ugonjwa wa Sikudhani, mama yake, Mwanakheri, alitundika blanketi jeusi dirishani. Jua huharibu vinasaba vya kila mtu, daktari alisema, lakini seli husita kwanza, hurekebisha palipoharibika, ndipo hujigawa. Seli za Sikudhani hazikuwa na uwezo huo. Saratani ya ngozi ilikwishamla ncha ya pua.

Adhuhuri moja, jeneza la bibi aliyemlea Sikudhani lilikuwa linatolewa uani.

"Mama, nifungulie nimuage bibi."

"Jua ni kali, mwanangu."

"Hata humu ndani ninakwisha, mama. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa nami gizani."

Mwanakheri alimfunika kwa kanga mbili, kisha akavuta komeo.

Wanaume walipomwona Sikudhani, walilishusha jeneza. Aliinama ili alibusu, lakini kanga zilimziba mdomo. Akazivua.

Mwanakheri aliziokota ili amfunike tena, kisha akazishusha. Jua lilimwagika juu ya uso wa mwanawe, naye Sikudhani hakuwa na haraka ya kuinuka.